Mkondo wa Bahari ya Mbali na Mvua ya Masasi na Newala

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya jambo ambalo, likisikiwa mara ya kwanza, laweza kudhaniwa kuwa ni mzaha. Twasema ya kwamba mvua inyeshayo juu ya mihogo na mikorosho ya Newala ina uhusiano na maji ya chumvi yazamayo baharini upande wa Greenland, nchi ya barafu iliyo mbali nasi yapata kilomita 10,000. Uhusiano huo haukubuniwa na watu wapendao maajabu. Alama zake zimo katika matope ya maziwa yetu wenyewe, na katika miaka hii umehesabiwa kwa mashine. Lakini hesabu ile, ifikapo kwetu Masasi na Newala, husitasita. Na hapo ndipo tutakapokaa zaidi.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Masasi iko chini, katika tambarare yenye vilima vya mawe matupu, kama vile Mtandi, vilivyosimama peke yao mfano wa visiwa. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Na mtu asimamaye Shimo la Mungu huliona bonde la Ruvuma chini yake, na nchi ya Msumbiji ng'ambo. Mvua ya huku ni ya msimu mmoja tu. Huanza mwezi wa Novemba au Desemba, kaskazi inapovuma, ikaisha Aprili au Mei, na kwa mwaka mzima hupatikana yapata milimita 1,000. Katikati ya msimu, mara nyingi mwisho wa Januari au mwanzo wa Februari, huja siku za jua kali, na mkulima aliyechelewa kupanda hujua taabu yake. Mwezi wa Mei ukiisha, hapana mvua ya kutumainiwa mpaka Novemba irudi.

Uwanda wa Makonde una jambo moja zaidi. Udongo wake ni mchanga mtupu, nao huyanywa maji ya mvua kama kitambaa kikavu, hata hakuna mto wala ziwa juu yake. Maji yaliyozama hutokea tena mbali, chini ya magenge, katika chemchemi za mabondeni. Karl Weule, mwenye elimu wa Kijerumani aliyekaa Newala mwaka 1906, aliandika hadithi ya wazee wa huko: mtu wa kwanza alichonga sanamu ya mti ikageuka kuwa mwanamke, wakazaa watoto wawili mabondeni karibu na maji, wote wakafa, wa tatu akazaliwa juu, katika vichaka vya Mahuta, akaishi. Kwa hiyo watoto wao waliusiwa wasijenge penye maji. Huenda wazee wale waliyajua magonjwa ya mabondeni kuliko tunavyodhani. Walakini gharama yake iliwaangukia wanawake, ambao kwa vizazi vingi walishuka magenge na mitungi mitupu wakapanda nayo imejaa. Mabomba ya kupandisha maji uwandani yalianza kujengwa katika miaka ya 1950, na tangu miaka ya 1970 serikali ya Finland ilisaidia sana miradi ya maji ya Mtwara na Lindi. Lakini maji ya bomba nayo asili yake ni mvua iliyozama mchangani. Basi nchi ya namna hii ikiongezewa mvua, au ikipunguziwa, si jambo dogo.

Sasa twende nyuma, miaka kama 21,000 iliyopita, zama za barafu. Wakati ule Kanada karibu yote na sehemu kubwa ya Ulaya ya kaskazini zilifunikwa na barafu, mahali pengine unene wake ukifika kilomita tatu. Maji ya barafu hiyo yote yalitoka baharini, kwa hiyo bahari ilishuka yapata mita 120 chini ya kiasi cha leo. Mtu angaliweza kwenda kwa miguu kutoka pwani ya bara hata Unguja. Huku kwetu hapakuwa na barafu ila katika milima mirefu kama Kilimanjaro, ambapo ilishuka chini sana kuliko leo. Lakini baridi ilifika kila mahali: matope ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika yaonyesha ya kuwa maji ya maziwa hayo yalikuwa na joto pungufu kwa digrii tatu au nne. Digrii nne zaonekana chache, lakini mkulima wa mahindi aliyehama kutoka Masasi kwenda kwenye milima ya Songea ameonja tofauti ya kiasi hicho.

Baridi hiyo haikuwa tulivu, wala haikuondoka polepole kama moto ufao jikoni. Katika miaka ya 1990 wataalamu walitoboa barafu ya Greenland kwa vyuma virefu hata wakafika chini kabisa, mita zaidi ya 3,000. Barafu ile imelala tabaka juu ya tabaka, mwaka juu ya mwaka, nayo huhifadhi alama za joto la siku ilipoanguka. Waliyoyasoma humo yaliwashangaza. Katikati ya zama za barafu, mara zaidi ya ishirini, Greenland ilipata joto kwa ghafula, pengine digrii kumi na zaidi, katika muda wa miongo michache tu. Kisha ikarudi baridini. Mtoto aliyezaliwa katika baridi kuu angaliweza kuzeeka katika nchi nyingine kabisa, wala hakuhama. Mabadiliko hayo huitwa kwa majina ya Willi Dansgaard wa Denmark na Hans Oeschger wa Uswisi, waliokuwa wa kwanza kuyaeleza.

Ni nini kiwezacho kubadili nchi kwa upesi namna hiyo? Jua halibadiliki upesi hivyo, wala barafu yenye unene wa kilomita tatu haiyeyuki kwa siku mbili. Wengi wa wataalamu huelekeza kidole baharini.

Katika Bahari ya Atlantiki uko mkondo mkuu. Maji ya moto yenye chumvi nyingi hutoka kusini, yakavuka ikweta na kwenda kaskazini juu juu. Yafikapo upande wa Iceland na Greenland hutoa joto lake hewani, yakapoa, yakawa mazito, yakazama. Kisha hurudi kusini chini chini, kilomita mbili au tatu chini ya mawimbi. Tangu mwaka 2004 mkondo huo hupimwa kwa vyombo vilivyofungwa kwenye kamba kutoka Florida mpaka pwani ya Afrika. Umeonekana kuchukua, kwa wastani, mita za ujazo kama milioni 17 kila sekunde. Kusanya mito yote ya dunia, Kongo na Naili na Ruvuma na iliyobaki, nayo haifiki hata sehemu moja ya kumi ya maji hayo.

Namna mkondo huo uwezavyo kusimama ilielezwa mwaka 1961 na Henry Stommel, Mmarekani, kwa hesabu fupi ambayo mwanafunzi wa shule ya juu aweza kuifuata. Tuwaze mitungi miwili mikubwa iliyojaa maji, imeunganishwa kwa mfereji juu na kwa bomba chini. Mtungi mmoja ni wa kusini: una joto na chumvi. Wa pili ni wa kaskazini: una baridi, na mvua na barafu huutia maji matamu. Baridi huyafanya maji ya kaskazini kuwa mazito. Utamu huyafanya mepesi. Maadamu baridi inashinda, maji ya kaskazini huzama na kupita katika bomba la chini, na ya kusini huja juu kushika mahali pake. Na yajapo huleta chumvi, na chumvi huongeza uzito, na uzito huuendesha mkondo. Kwa hiyo mkondo hujilisha wenyewe.

Ni kama njia ya kwenda kisimani. Kwa kuwa watu huipita, nyasi hazioti. Na kwa kuwa nyasi hazioti, watu huipita. Watu wakipungua, nyasi huanza kuota pembeni. Nyasi zikiota, wengine nao hutafuta njia nyingine. Hata siku moja njia imefungwa, na ili kuifungua tena haitoshi watu wale wale warudi, bali yapasa waje na mapanga. Mkondo nao ni vivyo hivyo. Ukiutia mtungi wa kaskazini maji matamu kidogo kidogo, mkondo hulegea kidogo kidogo. Chumvi ijayo hupungua, maji huzidi kuwa mepesi, na ukipita kiasi fulani mkondo huanguka kwa mara moja. Kuyapunguza maji matamu mpaka kiasi kile cha kwanza hakutoshi kuurudisha. Mwaka 1988 Syukuro Manabe, mzaliwa wa Japani afanyaye kazi Marekani, pamoja na Ronald Stouffer, waliona jambo lilo hilo katika hesabu kubwa zaidi, yenye bahari na hewa ya dunia nzima: mkondo waweza kukaa katika hali mbili, kwenda au kusimama. Manabe alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2021, kwa kazi yake ndefu ya kuhesabu tabia ya nchi.

Na maji matamu ya kuuzuia mkondo hayakukosekana zama zile. Mwaka huo huo wa 1988 Hartmut Heinrich, Mjerumani, alieleza habari za tabaka za mawe madogo zilizomo katika matope ya chini ya Atlantiki, mbali sana na nchi kavu. Jiwe haliogelei. Mawe yale yalifika huko yakiwa ndani ya vilima vya barafu vilivyokatika kutoka Kanada vikaelea baharini, vikayeyuka, vikayaangusha. Kila tabaka ni ushuhuda wa jeshi la barafu lililomwaga maji matamu mahali pale pale ambapo mkondo ulitakiwa uzame. Kipindi kimoja cha namna hiyo kilikuwako kati ya miaka kama 18,000 na 15,000 iliyopita. Baadaye, kati ya miaka 12,900 na 11,700 iliyopita, baridi ilirudi tena kaskazini, na wengi hudhani ni kwa sababu ya namna hiyo hiyo.

Msikilizaji wa Masasi atasema: haya, mkondo umesimama huko, sisi yatuhusu nini? Yatuhusu kwa kuwa mkondo ule huchukua joto la kusini mwa dunia ukalipeleka kaskazini. Ukisimama, joto hubaki kusini, kama mizani ambayo mkono mmoja ukishuka wa pili hupanda. Na ukanda mkuu wa mvua uizungukao dunia karibu na ikweta hufuata upande wenye joto. Mvua zetu za Desemba hata Aprili ni ukanda huo ulioshuka kusini pamoja na jua. Kaskazini ikipoa sana, ukanda wote huvutwa kusini zaidi.

Hayo ni maneno, tuone matope. Chini ya ziwa matope hujilundika kila mwaka, na ndani yake mna nta ya majani iliyochukuliwa na mvua na upepo. Nta hiyo huhifadhi alama ya maji yaliyonywewa na miti, hata mabingwa waweza kupambanua miaka ya mvua nyingi na miaka ya ukame. Mwaka 2008 Jessica Tierney na James Russell, pamoja na wenzao, walitoa habari za Ziwa Tanganyika za miaka 60,000. Mara nyingi Atlantiki ya kaskazini ilipopatwa na vilima vya barafu, nchi ya Tanganyika ilikauka. Katika kipindi kile cha miaka kama 18,000 hadi 15,000 iliyopita Ziwa Viktoria lenyewe, ambalo leo meli husafiri ndani yake mchana kutwa bila kuona nchi, lilikauka, na mahali pake pakaota nyasi.

Lakini sasa shuka kusini, mpaka baharini mbele ya mlango wa Mto Zambezi. Huko matope yaliyoletwa na mto yalichukuliwa na meli, na habari zake zikatolewa mwaka 2011 na Enno Schefuß na wenzake. Matope ya Zambezi yasema kinyume. Vipindi vile vile ambavyo Tanganyika ilikauka, bonde la Zambezi lilipata mvua nyingi.

Basi tuchukue ramani. Ziwa Viktoria liko kwenye ikweta. Ziwa Tanganyika lafika karibu digrii tisa kusini. Mlango wa Zambezi uko karibu na digrii kumi na tisa. Masasi na Newala ziko digrii kumi na kitu, karibu na kumi na moja. Mahali fulani kati ya Tanganyika na Zambezi palikuwa na bawaba: upande wa huku wa mlango uliingia ndani, upande wa pili ukatoka nje. Na sisi tu karibu na bawaba hiyo.

Sababu ya kuwa na bawaba si ngumu kuifahamu. Mambo mawili yalikuwa yakivutana. La kwanza, ukanda wa mvua ulivutwa kusini, na hilo lingaliwaongezea mvua walio kusini. La pili, mkondo wa Atlantiki uliposimama, hata Bahari ya Hindi ilipoa kidogo. Na bahari iliyopoa hutoa mvuke mchache, kama chungu kilichoondolewa kuni. Pepo zetu za mvua huuchukua mvuke wake kutoka Bahari ya Hindi. Kwa hiyo Tanganyika ilinyimwa mara mbili, Zambezi ikapata faida kubwa kuliko hasara, na katikati mambo mawili yale yalikaribiana nguvu. Juu ya uwanda wa Makonde wenyewe hapana ziwa la kutuwekea matope ya zama zile. Yabaki kuhesabu.

Hesabu hufanywa hivi. Dunia yote hugawanywa katika visanduku, hewani na baharini, tabaka juu ya tabaka. Kila kisanduku hupewa joto lake, upepo wake, mvuke wake, na cha baharini chumvi yake. Kisha kompyuta huambiwa kanuni za maji na hewa, nayo huhesabu kila kisanduku kitawapa nini jirani zake baada ya dakika chache, na tena, na tena, mpaka miaka maelfu ipite. Mwaka 2009 Zhengyu Liu na wenzake walitoa habari za hesabu ya namna hiyo iliyoanza yapata miaka 22,000 iliyopita, iliyofanywa kwa mashine kubwa ya Oak Ridge, Marekani. Waliipa mashine barafu ya zama zile, njia ya dunia kulizunguka jua, na hewa yenye kaboni dayoksaidi chache, sehemu kama 190 katika milioni, ambapo leo zimezidi 420. Wakaimwagia Atlantiki maji matamu. Mkondo ukalegea; walipoyazuia maji, ukarudi kwa kishindo yapata miaka 14,700 iliyopita, na mvua ya Afrika ikarudi pamoja nao, kama maziwa yasemavyo. Ndiyo faida ya zama za barafu kwa mwenye kuhesabu: ni kama jiwe ambalo uzito wake wajulikana, la kupimia mizani kabla ya kuiamini sokoni.

Mizani ile yapima vema mambo makubwa. Lakini tuwaombe radhi mafundi wake tukisema neno moja. Katika hesabu hiyo kisanduku kimoja cha hewa kina upana wa yapata kilomita 400. Kisanduku kimoja hicho chaweza kumeza Masasi, Newala, Tandahimba, Mtwara, Lindi, bonde zima la Ruvuma ya chini, sehemu ya Msumbiji na kipande cha bahari, na vyote hupewa mvua moja na mwinuko mmoja. Magenge ya Newala hayamo. Tofauti ya mvua kati ya ukingo wa uwanda na tambarare ya Masasi, ambayo kila mkulima wa huku aijua, haimo. Bawaba ikiwa imesogea kilomita 200 kaskazini au kusini, kisanduku hakitaona, na mtu wa Newala ataona sana.

Twaeleza haya kwa kuwa swali limerudi mlangoni. Barafu ya Greenland sasa yayeyuka kwa sababu ya joto la dunia, na maji yake matamu huingia katika Atlantiki ya kaskazini. Jopo la Serikali Mbalimbali juu ya Mabadiliko ya Tabia ya Nchi lilisema mwaka 2021 ya kuwa mkondo yaelekea sana utapungua nguvu katika karne hii. Juu ya kuanguka kwa ghafula kabla ya mwaka 2100 lilisema halitazamii, lakini kwa imani ya kadiri tu. Mwaka 2024 René van Westen na wenzake wa Utrecht, Uholanzi, walionyesha kielelezo kikubwa cha kompyuta kilichotiwa maji matamu pole pole kwa miaka zaidi ya 2,000 ya hesabu, nacho mwishowe kikaanguka kama mitungi ya Stommel. Maji waliyoyatia yalikuwa mengi kuliko yale yayeyukayo Greenland sasa, na wao wenyewe walilisema hilo. Lakini wasiwasi haukupungua.

Hapo ndipo yatupasa kuwa na masikio mawili. Mtu atakuja kuwaambia watu wa kusini ya kuwa mkondo ukisimama nchi itakauka, akitaja Ziwa Viktoria. Mwingine atasema mvua itaongezeka, akitaja Zambezi. Kila mmoja amechukua shahidi wa upande mmoja wa bawaba. Tena zama zile hazifanani na zetu katika yote: Bahari ya Hindi wakati ule ilikuwa ya baridi, sasa inazidi kupata joto, na upande wa pili wa mvutano tulioueleza hauna nguvu ile ile. Kwa hiyo hata tungaliijua bawaba ya kale ilikuwa kijiji gani, isingalilazimu kukaa pale pale.

Mafundi wanapunguza ukubwa wa visanduku. Viko vielelezo sasa ambavyo kisanduku kimoja cha hewa kina upana wa kilomita 25, na ndani ya kile kisanduku kimoja cha zamani mtaingia visanduku zaidi ya mia mbili. Humo uwanda wa Makonde huanza kuonekana kama mwinuko, na Ruvuma kama bonde. Lakini kila upana ukipunguzwa nusu, kazi ya mashine huzidi mara nane au zaidi, hata vielelezo hivyo huendeshwa kwa miaka mamia machache tu, hali kipindi kimoja cha vilima vya barafu kilichukua miaka 3,000.